Tupime kopo la rangi kabla ya kumbana fundi wa midoli

Kwa Mhariri,

Kuna wazo linalorudi mara kwa mara katika mazungumzo ya mji wetu wa Lubumbashi: kwamba kila kitu cha mtoto kinachotengenezwa kwa mkono, uwe mdoli wa kitenge, gari la waya, kitanda cha mbao au kofia ya sufu, kisiuzwe sokoni mpaka kiwe na cheti cha maabara. Tunaandika tukiwa mafundi wa vitu hivyo. Usalama wa mtoto hatuupingi hata kidogo, maana ni mtoto wa mteja wetu anayetafuna sikio la mdoli na kulala kwenye kitanda tulichokipigilia. Tunapinga kanuni inayolenga mahali pasipo. Sumu kubwa inayoweza kumfikia mtoto kupitia kazi yetu haizaliwi kwenye ateliye, yaani karakana zetu. Inakuja na kopo la rangi, na waya ya kulehemu, na mbao zilizokwisha kutumika migodini. Huko ndiko maabara inakohitajika. Mengine yote, yaani macho ya mdoli, mishono, kamba na nafasi kati ya fito za kitanda, yanapimika kwa vyombo ambavyo seremala yeyote wa Katuba au wa Kenya, komini (wilaya) za mji huu, anaweza kuvitengeneza kwa siku moja.

Marekani ilipita njia hii kabla yetu. Mwaka 2006, mjini Minneapolis, mtoto wa miaka 4 alikufa kwa sumu ya risasi, ile tunayoiita plombu, baada ya kumeza kidani kidogo cha madini. Kilipopimwa kilikuwa risasi kwa asilimia 99. Mwaka uliofuata kampuni kubwa zilirudisha kutoka madukani mamilioni ya vitu vya kuchezea kwa sababu ya rangi yenye risasi. Agosti 2008 sheria mpya ikatiwa saini. Ilihusu kila kitu cha mtoto wa miaka 12 kwenda chini, na ilishusha kikomo cha risasi kwa hatua: sehemu 600 za risasi kwa kila sehemu milioni za uzito mnamo Februari 2009, 300 mnamo Agosti mwaka huohuo, kisha 100 mnamo Agosti 2011. Rangi ya kupaka iliwekewa kikomo kikali zaidi, sehemu 90 kwa milioni. Vikomo hivyo ni vya haki na sisi tunavikubali vyote. Kosa lilikuwa kwingine: kila bidhaa ilitakiwa kupimwa na maabara huru, na mshonaji wa kofia ishirini akabebeshwa mzigo uleule wa kiwanda chenye mashini mia.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ada ya maabara hulipwa kwa mtindo wa bidhaa, haiangalii idadi ya vipande. Tuchukue mfano wa dola 300 kwa mtindo mmoja. Kiwanda kinachotoa midoli 40,000 ya sura moja kinabeba chini ya senti moja kwa kila mdoli. Fundi anayeshona midoli 40 anabeba dola 7 na nusu kwa kila mmoja. Tena fundi wa vitenge hana mtindo mmoja wa kudumu. Wiki hii kitambaa kina maua ya njano, wiki ijayo kimekwisha sokoni na kinachopatikana kina ndege wa bluu. Kwa maabara hiyo ni bidhaa mpya na ada mpya. Kanuni ya namna hiyo itaondoa sokoni mdoli wenye jina la fundi, na itauacha ule usio na jina unaouzwa jioni ndani ya karai kando ya barabara.

Wamarekani wenyewe walilazimika kurekebisha. Mwaka 2009 walitangaza kwamba mbao, karatasi, pamba, sufu, hariri na vitambaa kwa jumla, vilivyotiwa rangi na visivyotiwa, havina haja ya kupimwa risasi, isipokuwa michoro inayochapwa juu ya kitambaa baadaye. Agosti 2011 wakaongeza nafuu kwa watengenezaji wadogo: asiyezidi mapato ya dola milioni moja kwa mwaka (kikomo cha wakati huo) na asiyetoa zaidi ya vipande 7,500 vya bidhaa moja anajiandikisha, naye anasamehewa vipimo kadhaa vya maabara huru. Lakini hakusamehewa vyote. Rangi yenye risasi, vipande vidogo vinavyokaba koo, vidani vya madini na vitanda vya watoto vilibaki chini ya kipimo kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Mpaka huo umechorwa kwa akili, kwa kuwa unafuata hatari yenyewe na hauulizi ukubwa wa jengo la mtengenezaji. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Jumuiya ina utaratibu wa kuoanisha viwango vya bidhaa. Afadhali tuseme sasa tunachotaka kuliko kungoja karatasi iliyokwisha kupigwa mhuri.

Tuanze na rangi, kwa sababu ndiyo nzito kuliko yote.

Risasi huingia kwenye rangi za mafuta kwa njia mbili. Ya kwanza ni unga wenyewe unaoipa rangi sura yake: njano kali, chungwa na nyekundu zinaweza kuwa zimetengenezwa kwa kromati ya risasi, na kijani mara nyingi ni njano hiyohiyo iliyochanganywa na bluu. Ya pili ni dawa ya kukausha inayotiwa ili rangi isibaki ikinata, na hiyo inaweza kuwemo hata kwenye nyeupe. Kwa hiyo fundi anayeepuka njano peke yake hajajilinda. Harufu haisemi kitu, wala bei, wala uzito wa kopo. Hata maneno "bila risasi" hayatoshi ikiwa hakuna namba ya sehemu kwa milioni wala jina la aliyepima. Rangi za maji kwa kawaida zina hatari ndogo kwa upande huu, ila zikipakwa juu ya mbao isiyopigwa msasa vizuri hubanduka kwa mate, na mtoto anakula magamba.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo huifyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima akiimeza. Kwa mji wa kawaida hilo lingetosha. Kwetu kuna la ziada: utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na wataalamu wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, ulikuta kobalti, risasi, kadmiamu na madini mengine kwa wingi zaidi katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia. Mtoto wa hapa tayari anapokea sehemu yake kutoka kwenye vumbi. Hatuna ruhusa ya kumwongezea kwa gari la kuchezea.

Lakini nani apimwe? Kopo moja la rangi nyekundu linapaka magari mengi, na duka moja linauzia mafundi wengi. Ukipima kopo pale dukani, au kwenye ghala la aliyeliingiza nchini, kipimo kimoja kimelinda ateliye zote zinazonunua pale. Ukimpima kila fundi, umelipia jibu lilelile mara mia, na kopo bado liko kwenye rafu likimsubiri mnunuzi mwingine. Kipimo chenyewe si fumbo. Paka rangi kwenye kipande cha kioo safi, tabaka kadhaa, kwa brashi mpya ambayo haijagusa rangi nyingine. Acha ikauke kabisa, ikwangue, itie ndani ya mfuko safi wenye namba ya kopo na tarehe, peleka maabara. Risasi huhesabiwa kwa uzito wa rangi iliyokauka, ndiyo maana kupeleka rangi ya maji maji ndani ya chupa ni kupoteza fedha na kuzua ubishi.

Katika eneo letu kuna kifaa ambacho miji mingi haina kwa wingi namna hii: zile bunduki za eksirei ambazo wanunuzi wa madini huelekeza kwenye mawe ili kusoma shaba na kobalti. Kifaa hicho kinaiona risasi pia, kwa sekunde chache. Ila kuna mtego. Kikiwa kimepangwa kwa ajili ya mawe, kikielekezwa kwenye mbao iliyopakwa rangi, miale hupita tabaka jembamba la rangi na kuingia kwenye mbao, na namba inayotoka inakuwa ndogo kuliko ukweli. Lazima kiwekewe mpangilio wa rangi au plastiki na kilinganishwe na sampuli inayojulikana. Lazima pia rangi ibanduliwe na kukunjwa mara kadhaa ili iwe nene. Hata hapo ni chujio tu: kikionyesha risasi nyingi, kopo linatolewa rafuni, kikionyesha karibu na kikomo, sampuli inakwenda maabara. Chujio hilo lingetosha kusafisha rafu nyingi za mji huu bila kufunga ateliye hata moja.

Kwa fundi asiye na uhakika na rangi, njia salama ni kuacha mbao ionekane. Msasa namba 80, kisha 120, kisha 220. Lowesha kidogo ili nyuzi za mbao zisimame, acha ikauke, pitisha tena 220. Kisha paka nta ya nyuki, ambayo miombo yetu inatoa ya kutosha, sehemu 1 ya nta kwa sehemu 3 za mafuta ya parafini ya famasi (si mafuta ya taa), kwa uzito. Yeyusha ndani ya chombo kilichosimama kwenye maji ya moto. Usiiweke moja kwa moja juu ya mbabula (jiko la makaa), kwa kuwa nta hushika moto. Mafuta ya kupikia hayafai: yanaoza, yananata, yananuka baada ya wiki chache. Ya karanga yana ubaya mwingine, maana kuna watoto ambao miili yao haiyavumilii. Anayetumia mafuta ya kitani ajue kwamba yale yanayoitwa "yaliyochemshwa" hutiwa dawa za kukausha za madini, na kwamba vitambaa vilivyolowa mafuta hayo na kurundikwa pamoja vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandazwe nje mpaka vikauke.

Baada ya rangi, lehemu. Magari ya waya na ya mikebe ni kazi nzuri na yana soko. Ila lehemu ya kawaida ya mafundi wa redio ni bati asilimia 60 na risasi asilimia 40. Hiyo ni sehemu 400,000 kwa milioni, yaani mara 4,000 ya kikomo cha 100. Tone moja linalong'aa kwenye usukani linatosha kuharibu kazi yote, na usukani ndipo mtoto anapoweka mdomo. Viungo vya waya visokotwe mara nne au tano kwa koleo, ncha ikunjwe kuelekea ndani, na pale ambapo lazima kulehemu, itumike lehemu ya bati na shaba. Kuyeyusha risasi ya betri kuukuu za magari ili kumimina magurudumu au vidani vya watoto ni jambo la kukatazwa moja kwa moja, bila muda wa kujirekebisha. Kidani cha Minneapolis kilikuwa madini ya aina hiyohiyo. Na mkufu wa malakiti, fahari ya mji wetu, ubaki shingoni mwa mama: ni madini ya shaba, punje zake ni ndogo, uzi ukikatika zinaishia kooni.

Mbao za paleti nazo zina neno. Muhuri wa HT unaonyesha mbao ilitibiwa kwa joto. MB ni gesi ya methili bromidi, hiyo iachwe. Lakini muhuri hauelezi kilichomwagika juu ya paleti baadaye. Paleti iliyotoka mgodini, iliyobeba mifuko ya kemikali, isitumike kwa kitu cha mtoto hata kama ina HT safi. Doa, harufu, au unga mweupe kwenye nyufa ni sababu tosha ya kuirudisha.

Sasa tuje kwenye vipimo ambavyo havihitaji maabara, na hapa tunasema na mafundi wenzetu kama tunavyosema na ofisi.

Kipande kidogo ni kipi? Viwango vya Ulaya na vya Marekani vinatumia kikombe kimoja: tundu la kipenyo cha milimita 31.7, lenye kitako cha mshazari, kina chake kikianza milimita 25.4 upande mmoja na kufika 57.1 upande wa pili. Chochote kinachoingia chote humo, kwa upande wowote, bila kukisukuma, ni kipande kidogo, na hakiruhusiwi kwenye kitu cha mtoto wa chini ya miaka 3, wala kwa hali kilivyotengenezwa wala kama kikibanduka wakati wa kupimwa. Wengi hukata bomba la plastiki la maji la "32" wakidhani wamepata kikombe. Kosa hilo ni la hatari, kwa sababu namba ya bomba huhesabiwa kwa nje. Ndani ni pembamba zaidi, hivyo kifungo kinachopaswa kukataliwa hakitaingia na fundi atasema kiko salama. Toboa gogo la mbao ngumu kwa keekee ya milimita 32, kisha weka ndani kabari ya mshazari.

Macho, pua na vifungo vya mdoli vivutwe. Ulaya inataka kipande chenye upana unaozidi milimita 6 kistahimili nguvu ya nyutoni 90, karibu kilo 9.2. Bidoni la plastiki lenye lita 9 za maji linakaribia uzito huo, nalo lipitishwe kwenye mizani ili kuongeza au kupunguza. Kwanza kizungushe kifungo nusu duara upande mmoja, kisha upande mwingine. Halafu kibane kwa koleo lenye kamba, uning'inize bidoni polepole kwa sekunde 5, ukae sekunde 10. Kinachoshindwa kwa kawaida si kifungo. Ama uzi unakatwa na makali ya tundu la kifungo, ama kitenge chenyewe kinachanika kuzunguka fundo. Weka kiraka cha kitambaa cha jinzi nyuma ya kitenge, tumia uzi wa poliesta mara mbili, pitisha angalau mara sita. Na kwa mdoli wa mtoto mchanga tunashauri macho yatariziwe tu, kwa kuwa jicho la uzi halina cha kubanduka. Macho ya kubandikwa kwa gundi kwenye mbao huanguka mapema, mara nyingi katika kipimo cha kudondosha: mara 5 kutoka sentimita 85 hadi kwenye sakafu ngumu.

Mshono wa mdoli unapimwa kwa nyutoni 70, karibu kilo 7.1. Kitenge ni pamba iliyofumwa kwa mtindo rahisi, na ukingoni huchanguka. Ukishona milimita 4 kutoka ukingoni, mshono hauchaniki, unateleza: nyuzi za kitambaa zinatoka nje ya mshono moja baada ya nyingine na mdoli unafunguka kwapani. Acha milimita 8 hadi 10, hatua ya mashini iwe milimita 2 hadi 2.5, shona mara mbili. Tundu la kujazia lifungwe kwa mkono, hatua ya milimita 3, na kurudi nyuma mwanzoni na mwishoni. Ujazo wa vipande vya sponji uingie kwanza kwenye mfuko wa ndani, ili mshono wa nje ukifunguka mtoto asikute makombo ya kumeza. Anayejaza kwa nguo kuukuu apapase kila kipande kwa vidole. Sumaku inashika sindano na pini za chuma, lakini kifungo cha shaba au zipu ya alumini haivutwi nayo.

Sindano, kwa kweli, ndiyo hatari inayosahaulika zaidi katika ateliye za kushona. Ikivunjika, vipande vyote vitafutwe na kupangwa mezani mpaka sindano nzima ionekane. Kipande kikikosekana, mdoli ule hautoki mlangoni. Sumaku ya spika kuukuu ipitishwe juu ya kila mdoli uliomalizika, taratibu, pande zote. Gharama yake ni ndogo mno, na hakuna cheti cha rangi kitakachofanya kazi hiyo.

Kamba kwenye kitu cha mtoto wa chini ya miaka 3 isizidi milimita 220 ikinyooshwa, ili isizunguke shingo. Kofia na makoti ya watoto wa chini ya miaka 7 yasiwe na kamba ya kukaza shingoni wala kichwani. Tumia vifungo au mpira ulioshonewa ndani. Kwa vitambaa vyenye manyoya marefu, kata kipande cha majaribio, kiwashe nje ukiwa na ndoo ya maji: kikishika moto na kukimbia, kisitumike. Ulaya inakataa mdoli ambao moto wake unatembea zaidi ya milimita 30 kwa sekunde, na katika nyumba zetu mbabula ya makaa inakaa sakafuni, kimo kimoja na mtoto.

Kitanda ni kazi ya seremala, na hapo hatuombi msamaha wowote wa kanuni. Nafasi kati ya fito iwe milimita 45 hadi 65. Njia rahisi ya kukumbuka ni mkebe wa soda, wenye kipenyo karibu milimita 66, ambao haupaswi kupita. Nafasi ikizidi, mwili wa mtoto unapita na kichwa kinabaki. Kutoka kitako cha kitanda, kikiwa chini kabisa, hadi juu ya ubavu iwe milimita 600. Kati ya godoro na ubavu pasizidi milimita 30, hivyo kitanda kitengenezwe kwa kipimo cha godoro lililopo sokoni, si kinyume chake. Ubavu wa kushuka usitengenezwe: Marekani iliupiga marufuku Juni 2011 baada ya watoto kubanwa pale vishikizo vilipolegea. Fito ziingie kwenye matundu yaliyochongwa kwenye boriti. Zikipigiliwa misumari kwa nje, hulegea mtoto anaposimama na kutikisa.

Kuna njia ya mkato ambayo inabidi tuikatae waziwazi, nayo ni kuandika "kwa watoto wa zaidi ya miaka 3" kwenye mdoli laini na kujiona umemaliza. Ulaya haikubali maandishi hayo kwenye mdoli laini wa kukumbatia, kwa sababu kila mtu anajua utaishia mikononi mwa nani.

Kutokana na hayo yote, tunachoomba kwa watakaoandika kanuni ni hiki. Mwagizaji na muuza rangi ndio watoe matokeo ya maabara, kwa kila shehena, na nakala ibandikwe dukani ili fundi aandike namba yake kwenye daftari. Mbao zisizopakwa, pamba, sufu na vitambaa visamehewe kipimo cha risasi kama ilivyofanyika Marekani mwaka 2009. Fundi mdogo ajiandikishe mara moja kwa mwaka, pamoja na patanti yake (kibali cha biashara ndogo), na kiwango cha "mdogo" kiwekwe kwa hali ya hapa, maana dola milioni moja ilikuwa namba ya kwao. Ashone kwenye kila kitu utepe wenye jina la ateliye, komini, mwezi na mwaka, na namba ya fungu. Daftari lake lionyeshe kila fungu lilitumia kitambaa, uzi na rangi ya wapi. Likitokea tatizo, vinarudishwa vipande thelathini vya fungu lile badala ya kufunga soko zima.

Mkaguzi naye aje na sanduku lenye kikombe cha vipande vidogo, mizani ya kilo 10, sumaku, rula na mkebe wa soda. Apime mbele ya fundi, aandike alichopima na alichokuta, atie saini na tarehe. Ukaguzi utengwe kabisa na ukusanyaji wa kodi. Mtu mmoja akishika rula mkono huu na kitabu cha risiti mkono ule, fundi ataficha kazi yake, na kazi iliyofichwa haipimwi na mtu. Faini iwepo kwa anayekutwa na kosa lilelile mara ya pili. Kwa risasi ya betri na lehemu ya risasi iwepo tangu mara ya kwanza.

Mwisho, kanuni ianze na vile vinavyopita mpaka wa Kasumbalesa kwa malori kabla ya kufika kwenye karai ya mama wa sokoni. Vitu vya plastiki vya bei ya chini vina hatari ambazo kazi ya mkono haina, hasa betri ndogo za mviringo: mtoto akiimeza, inaweza kuunguza koo ndani ya saa 2. Kifuniko cha betri hizo lazima kifungwe kwa skurubu, na hilo linaonekana kwa macho pale mpakani, bila maabara yoyote. Sisi tuko tayari kwa upande wetu. Kikombe, bidoni na sumaku vinaweza kuwa kwenye kila ateliye ya Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba kabla ya mwaka kwisha. Tunachosubiri ni namba ya sehemu kwa milioni kwenye makopo ya rangi, kwa kuwa hiyo peke yake ndiyo hatuwezi kuipima kwa mikono yetu.

Wenu,
Mafundi wa midoli, nguo na vitanda vya watoto,
Komini ya Katuba, Lubumbashi